Barakoa ya Magongo

Gongo lake lilikaa nyuma ya mlango wa chumba chetu, pale ambapo mwanamke angeweka ufagio. Nilipoletwa Mombasa kutoka Vanga, bi harusi nisiyejua hata njia ya kisimani, nilidhani ni la kupigia wezi. Nikamwuliza mume wangu, akacheka. Akasema, "Hilo ni la kuchezea mpira wa magongo." Kwetu mwanamume mwenye mke hachezi.

Ilikuwa miaka ya vita, sukari ni ya foleni na mataa ya mji yamefunikwa. Yeye alikuwa karani kwenye maghala ya Shimanzi. Alirudi alasiri, akasali, akanywa chai kwa kusimama, akavaa suruali fupi chini ya kanzu, akalichukua gongo akateremka ngazi. Tangu hapo mpaka adhana ya magharibi nilikuwa peke yangu.

Watu husema upweke ni kukosa watu. Mimi watu niliwaona. Mji wa Kale nyumba zimebanana, ukikohoa jirani anakwambia afya. Lakini wale wanawake walijuana tangu kwa mabibi zao. Nikiingia mahali, mazungumzo yalikatika, nikaulizwa hali, nikajibu njema, wakanimiminia kahawa, wakangoja niinywe niende zangu ili waendelee. Hawakuwa wabaya. Sikuwa na ndugu, sikuwa na mtoto bado, na sikuwa na la kuwapa. Nikaacha kwenda. Nikawa nakaa dirishani nikichambua mchele ambao nilikuwa nimeshauchambua.

Mwenye nyumba wetu alikaa chini. Alikuwa bibi wa Kimanga, Mwarabu wa Omani, mjane, na mpaka uzee wake alivaa barakoa ile ya kizamani, kitambaa kigumu chenye kijiti kinachoshuka juu ya pua, na matundu mawili ya macho. Alikuwa mkali na hakupenda maneno mengi. Tulielewana.

Sasa nieleze habari ya mdomo.

Ami yake mume wangu, ndiye aliyemlea, alikuwa imamu wa msikiti mdogo ulio nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa amezeeka na meno ya mbele yamemtoka. Aliyesoma chuoni anajua: ziko herufi za Kurani ambazo hazitoki mpaka ulimi uguse meno ya juu. Hakuna meno, hakuna herufi. Watu wakaanza kunong'ona kuwa sala zao zina walakini. Mzee akasikia. Ijumaa moja akapanda kwetu, akakaa, akanywa kahawa yake yote, kisha akasema, na mimi nasikia nyuma ya pazia:

"Mwanangu, Ramadhani hii wewe ndiwe utakayesalisha tarawehe. Mimi nikisoma, upepo watoka na herufi zabaki ndani."

"Ami, wapo wakubwa kuliko mimi."

"Wapo. Wana mvi, meno hawana."

Mume wangu akacheka kidogo. Mzee hakucheka.

"Nimetafuta mdomo mji mzima, nimeupata kwa mwanangu mwenyewe. Basi huo si wako tena. Utunze."

Mume wangu alikuwa amehifadhi Kurani kabla hajaota ndevu, na meno yake, nasema kweli, yalikuwa yamepangika kama punje za hindi changa. Jambo hilo alilitaka. Hakusema kama alitaka, hakuwa mtu wa kusema, lakini alianza kusoma kwa sauti akipanda ngazi, na akifika mlangoni alisimama nje mpaka amalize aya. Mimi ndani nilisimama pia, na sahani mkononi.

Mwezi ulikuwa wa Rajabu. Siku moja akarudi kabla ya magharibi, amemshika mwenzake kwapani. Wakakaa dakani, kwenye baraza la mlango. Niliwaona kwa dirisha la ngazi. Shati la yule mwenzake lilikuwa jekundu kifua kizima, na mdomo wa juu umepasuka mpaka chini ya pua. Alijaribu kusema neno, yakatoka mapovu. Nikateremsha birika la maji ya chumvi, nikaliacha kwenye ngazi, nikarudi juu.

"Mpira uliruka," nikamsikia mume wangu akisema, kama kwamba kuna mtu anambishia. "Uliruka tu."

Alipompeleka hospitali nilishuka kuosha daka. Katika ufa wa jiwe nikaona jino, zima, na mzizi wake. Nililiokota kwa kitambaa nikalifukia uani.

Aliporudi nikamwekea chakula nikakaa mbele yake.

"Mpira huo ni wa nini?"

"Ngozi juu, ndani kizibo na uzi."

"Mgumu?"

"Kama jiwe."

"Na nyuso zenu mwazifunika kwa kitu gani?"

"Hatuzifuniki."

"Hata mdomo?"

"Bibi wee, mtu mzima atie nini mdomoni?"

"Basi acha mchezo. Ramadhani hiyo yaja."

Akaweka tonge chini. "Siachi," akasema. "Asubuhi naitwa karani. Magharibi naitwa mtoto wa imamu. Pale uwanjani naitwa, toa mpira, mpumbavu wee! Niachieni hapo mahali pamoja."

Nilitaka kumwuliza, na hapa nyumbani waitwa nani? Nikaondoa sahani.

Lakini mtu akikataa kuacha, mfunike. Kesho yake nikashuka kwa bibi, nikamwomba barakoa yake kuukuu niitazame ilivyoshonwa.

"Mwanamke wa Vanga wataka barakoa ya nini? Umepata uso wa kuficha?"

"Si yangu, bibi. Ni ya mume wangu."

Macho yake yakanitazama kwenye yale matundu. "Subhanallah. Amefanya nini?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka barakoa ikamtikisika usoni, akaishika kwa mkono isianguke. Kisha akanyanyuka, akaniletea. Akanionyesha pa kupinda, pa kutia kijiti, na namna ya kuifunga kisogoni isilegee. Kitambaa nilikata turubai, nikakitia kanji nikakianika, nikakitia tena, mpaka kikawa kama ubao. Bibi alikuwa na kiti cha henzirani kilichovunjika miguu. Tukachambua fito zake nyembamba za henzirani, nikazisokota kwa ndani mbele ya pua na mdomo. Kidevuni nikashonea kipande cha ngozi ya kubadhi. Siku hizo alasiri zilipita. Nilikuwa na kazi mikononi, na chini kulikuwa na mtu aliyekuwa akiuliza, "Umefika wapi?"

Matundu ya macho niliyakata kama ya bibi, membamba, ya kutazama mbele. Mchezo wenyewe sikuwahi kuuona. Nilidhani mpira huja kwa juu kama jiwe la kutupwa, mtu akauona, akaukinga kwa gongo. Bibi naye, ambaye hakuwahi kuuona uwanja huo maisha yake yote, akaidhinisha. "Tundu jembamba," akasema, "jiwe haliingii."

Mume wangu alipoiona aliigeuza huku na huku. Nilijua atakataa. Hakukataa. Aliikunja ndani ya kanzu akashuka nayo, na hapo ndipo nilipojua anavyoitaka hiyo tarawehe.

Alirudi mapema. Nilisikia hatua zake zikifika ngazi ya katikati zikasimama. Nyuma yake, kichochoroni, wenzake wawili walikuwa wakipita chini ya dirisha langu, na hawakupita kimya.

"Bi harusi! Washuka lini? Tungoje na matari?"

"Mwache, yuko edani huyo!"

"Mpira umempita baina ya miguu, yeye autafuta mbinguni! Auliza, u wapi? Nikamwambia, uko golini, mama, ushawasili zamani!"

"Hodi, Bi Barakoa! Tupe kahawa!"

Wakaenda wakicheka mpaka kona, na kicheko kikarudi kwenye kuta mara mbili. Yeye akapanda. Barakoa akaiweka juu ya meza ya chakula.

"Wewe uliona mimi nacheza na kunguru?"

"Sijui unacheza na nini."

"Mpira uko chini. Chini! Waenda ardhini. Kwa kitu hiki nimeona pua yangu na mawingu tu."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Yote mawili yalikuwa kweli. Akaenda kutawadha. Sikumlaumu na sikujilaumu. Nilifunga kanga yangu nikaona kwamba kitu usichokijua hukishonei nguo.

Bibi alikuwa na hani, kwenda kutoa pole Bondeni, mtu wa nasaba yake alikuwa amefiwa. Nikamwambia nitafuatana naye. "Tena tupite njia ya uwanjani," nikasema. Akasema njia hiyo ni ndefu. Kisha akavaa viatu.

Tukasimama kwenye ukuta wa nyumba moja inayotazama uwanja, wanawake wawili wenye mabuibui, kama waliopumzika kwa uzee wa mmoja wao. Mwanzo sikumtambua. Niliona mtu anakimbia na kifua wazi, kinywa kimejaa kelele. Alikuwa akitukana kwa utani. Alikuwa akiita na kuitwa. Mwenzake akiteleza yeye alicheka mpaka akashika magoti, kisha akamnyanyua mwenzake kwa kola, akamsukuma, wakakimbia tena. Ndipo nikaona mwendo wake, nikajua ni yeye. Mume wangu nyumbani alisema maneno kama mtu anayempimia mteja nafaka, asizidishe. Kumbe maneno anayo.

Nikayalazimisha macho yangu yaufuate mpira. Ulipita ardhini mbio kama panya. Halafu ukagonga kokoto, ukaruka, ukapita karibu na kidevu cha mtu mmoja, naye akacheka tu. Nikaona. Hatari yatoka chini. Macho yaachwe wazi kabisa, yaone miguuni. Cha kufunikwa ni kuanzia chini ya pua kushuka mpaka kidevuni.

"Umeshaona?" bibi akauliza.

"Nimeona."

"Umeona mpira au umeona mume?"

"Vyote."

"Haya, twende. Waliofiwa hawangojeshwi."

Hanini nililia. Wenyeji walishangaa, marehemu sikumjua. Wakanishika mabega wakanipa maji, na hiyo ndiyo siku ya kwanza wanawake wa Mombasa kunishika.

Barakoa ya pili niliishona peke yangu, nusu uso, henzirani zimeachana kama wavu wa dirisha ili pumzi ipite. Lakini usiku mmoja wa kuwaza ulinionyesha kuwa henzirani ikisukumwa itagonga meno yaleyale. Lazima na mdomoni pawe na kitu.

"Niletee mpira wa ndani wa baiskeli, uliotoboka," nikamwambia asubuhi.

"Wa nini?"

"Niletee."

Akauleta. Nikauchemsha na karafuu utoke harufu. Kisha nikakanda unga wa chapati mgumu, nikafinyanga kinyunya kama hilali, nikamkalisha kwenye mkeka karibu na dirisha.

"Fumbua."

"Hee!"

"Fumbua kinywa. Uma. Usitafune."

Nikamshika kidevu kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikakisukuma kinyunya mpaka kikashika meno. Hatukuwa watu wa kushikana mchana. Alinitazama kwa karibu, hawezi kusema neno, na mimi nikatazama unga. Nilihisi pumzi zake za pua kwenye vidole vyangu. Kama ningekuwa na la kumwambia, hapo ndipo. Nikasema, "Achia." Akaachia, akafuta mdomo, akaenda kazini.

Meno yake yalibaki kwenye unga, yote. Nikakata mpira kwa alama hizo, tabaka juu ya tabaka, nikaushona pembeni kwa uzi wa makubadhi, nikauvika kitambaa laini. Ulikuwa kidude kibaya kama ulimi wa ng'ombe. Nilipompa, akakitazama, akaitazama na ile nusu barakoa.

"Mara moja yatosha," akasema. "Mji mzima wanicheka."

"Vaa. Usipovaa, nitakuja mwenyewe kusimama pale uwanjani niutunze huo mdomo wa ami. Njia naijua."

"Waijua?"

"Naijua. Na yule uliyemnyanyua kwa kola, shati lake si kamba ya ndoo."

Nilidhani atakasirika. Akachukua vitu vyake akashuka.

Akavaa. Lakini kidude kile kilikuwa na kasoro ambayo sikuifikiri, nayo ilikuwa kwamba kilifanya kazi yake. Mtu mwenye mpira wa baiskeli mdomoni hasemi. Hawezi kuita, hawezi kutania, akitukanwa hawezi kurudisha. Wale wenzake wakamwita Bubu. Nao mchezo wao, niliuona kwa macho, nusu yake ilikuwa maneno.

"Nacheza kama niko msikitini," akaniambia.

"Na meno?"

"Yapo."

Alirudi jioni hizo akiwa mzito zaidi kuliko alivyoondoka. Nilimwona anakula, nikajua nimefanya nini. Sikulegeza. Shaabani ilikuwa inakatika.

Siku za mwisho za mwezi huo alirudi peke yake, jua bado lipo. Nusu barakoa ilikuwa mkononi, henzirani mbili zimevunjika ndani. Mdomo umevimba, umekuwa mweusi. Nikamvuta dirishani, nikamwinua kidevu kwenye mwanga, nikapitisha kidole juu ya kila jino, la mbele na la pembeni, nikilisukuma. Hakuna lililotikisika. Nikarudia tena kuanzia mwanzo, si kwa haja.

"Nilisikia kishindo mpaka kisogoni," akasema kwa ule mdomo mzito. "Nikasema, basi, kwisha. Nikatema, nikangoja kuona meno. Nikatema ule mpira wako peke yake."

"Haya."

"Umebaki na alama."

"Haya. Kaa nikukande."

Nikamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Akasema, "Usimwambie ami," nikasema sina safari ya kwa ami. Akafunga macho. Alikaa hivyo mpaka adhana, kichwa kimeegemea ukuta, na mimi nikibadilisha kitambaa. Sikumbuki jioni nyingine ya mwaka ule aliyokaa.

Wale waliomwita Bi Barakoa wakamtuma aniombe niwashonee na wao. Nilimshonea mmoja, yule aliyepasuka mdomo, ambaye sasa alificha pengo kwa mkono. Wengine nikawaambia wana mama zao na wake zao, na unga wa chapati upo kila nyumba.

Uvimbe ukashuka. Kabla mwezi haujaandama, wazee wa msikiti walimwita. Hawakugomba. Walimwambia tu kwamba imamu haonekani akikimbia na magoti nje. Yeye alirudi, akalichukua gongo nyuma ya mlango, akampelekea mwenzake yule wa pengo. Nilidhani basi sasa alasiri atakaa nyumbani. Nilinunua hata tende nzuri. Lakini alasiri akawa kwa ami kupitia juzuu ya siku ile, magharibi anafuturu barazani na maamuma, kwa kuwa imamu mpya hukaribishwa, isha anasalisha. Nguo zake nilizipiga pasi, nikazikuta zimevuliwa.

Usiku wa kwanza nilipanda darini. Msikiti ule hatukuingia wanawake, lakini dari yetu ilikuwa juu ya kiwambaza chake, na sauti ilipanda sawasawa. Alianza chini kidogo, kwa haya. Kisha akaifungua. Nilimsikia herufi kwa herufi, zile nzito na zile za ncha ya ulimi, kila moja imekaa kwenye jino lake. Chini watu waliitika amina mpaka ukuta ukavuma. Madirisha ya jirani yakafunguka. Mwanamke mmoja akasema, "Nani huyo, Mola amhifadhi?" Mwingine akamwambia, "Mtoto wa imamu."

Bibi mwenye nyumba akaniita kutoka uani.

"Ndiye?"

"Ndiye, bibi."

"Meno yote?"

"Yote."

"Alhamdulillahi. Shuka basi tule, wali wapoa. Huyo hatarudi sasa hivi, ni wa watu."

"Naja."

Sikushuka papo hapo. Nilingoja amalize sura aliyokuwa ameianza, kisha nikashuka ngazi nikipapasa ukuta, kwa sababu mataa ya mji yalikuwa bado yamefunikwa.